Ukimezacho Sicho Kifikacho

Mwaka 1929 wanasayansi wawili ambao hawakuwa wakifanya kazi pamoja, Edward Doisy wa St. Louis, Marekani, na Adolf Butenandt wa Göttingen, Ujerumani, walifanikiwa karibu kwa wakati mmoja kupata fuwele safi za homoni ya kike. Hawakuitoa kwenye ovari, ambako homoni za kike hutengenezwa. Waliitoa kwenye mikojo ya wajawazito, kwa kuwa mkojo haukuwa adimu na hakuna aliyeona uchungu kuutoa. Walichokipata kinaitwa estroni. Mwaka uliofuata Guy Marrian wa London akapata ndugu yake, estrioli, humohumo mkojoni. Estradioli, ile yenye nguvu kuliko zote na ambayo ndiyo hasa hutolewa na ovari za mwanamke anayepata hedhi, ilichelewa. Haikutolewa kwenye ovari hadi katikati ya miaka ya 1930, timu ya Doisy iliposaga tani kadhaa za ovari za nguruwe na kuambulia miligramu chache tu.

Sayansi hii basi ilianzia mwisho wa safari. Homoni haikai mwilini ikiwa vilevile tangu kutengenezwa hadi kutoka. Hukatwa, hubandikwa salfa, hugeuzwa, pengine hurudishwa ilivyokuwa, kisha hutolewa kwa mkojo na nyongo. Vitu vinavyozaliwa katika hatua hizo wataalamu huviita metaboliti. Kwa muda mrefu vilihesabiwa kuwa makapi, ushahidi tu kwamba homoni ilipita. Leo tunajua kwamba baadhi vina nguvu zao, na vingine hufanya kazi ambayo homoni mama haiwezi kabisa. Hofu iliyowaingia wanawake kuhusu tiba ya homoni tangu mwaka 2002 ni vigumu kuielewa bila kuvijua.

Hedhi hukoma kwa wanawake wengi kati ya miaka 45 na 55. Wapo wanaopita bila taabu. Wapo wanaopandwa na joto la ghafla kuanzia kifuani hadi usoni, wakaamka usiku shuka zimelowa jasho, usingizi ukawa wa mang'amung'amu, uke ukakauka, hasira zikawa karibu, na hali hiyo ikaendelea miaka saba au zaidi. Ovari zimeacha kutoa estradioli. Lakini estrojeni, jina la jumla la estroni na ndugu zake, haimaliziki mwilini. Mafuta ya mwili yana kimeng'enya kiitwacho aromatasi, ambacho huchukua homoni dhaifu inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo na kuigeuza kuwa estroni. Mwanamke wa miaka 60 anaishi zaidi kwa estroni hiyo kuliko kwa estradioli. Hii ni mojawapo ya sababu za unene uliopitiliza, baada ya hedhi kukoma, kuongeza hatari ya saratani ya matiti na ya mji wa mimba: mafuta mengi, aromatasi nyingi, estroni nyingi.

Tiba ya homoni nayo ilianzia mkojoni. Mwaka 1942 Marekani iliruhusu dawa iitwayo Premarin, inayotengenezwa kwa mkojo wa farasi jike wenye mimba. Karibu nusu yake ni estroni iliyobandikwa salfa. Sehemu nyingine kubwa ni ekwilini, estrojeni ya farasi ambayo mwili wa binadamu hautengenezi. Dawa iliyotawala tiba hii kwa zaidi ya nusu karne ilikuwa basi mchanganyiko wa metaboliti, tena nyingine za mnyama. (Msomaji Mwislamu anayejiuliza habari za najisi ana haki ya kuuliza chanzo cha dawa anayopewa. Jibu lipo: siku hizi kuna estradioli inayotengenezwa maabara kutokana na mimea, hasa soya na aina za viazi vikuu vya porini, na molekuli yake ni ileile ya ovari.)

Hapa ndipo ini linapoingia, na ndipo penye kiini cha mambo. Karibu kila tunachomeza, kikishanyonywa na utumbo, hubebwa na mshipa mmoja mkubwa hadi kwenye ini kabla ya kuruhusiwa kwenda popote. Ini ni forodha ya mwili. Mzigo wote ulioshuka bandarini lazima upite pale, ufunguliwe, upekuliwe, na mwingi haurudi mikononi mwa mwenyewe kama ulivyotoka melini. Estradioli hutozwa ushuru mkali kupita kiasi. Ukimeza kidonge cha miligramu 1, yaani mikrogramu 1,000, kiasi cha asilimia 5 tu ndicho kitakachoingia kwenye mzunguko wa damu kikiwa bado estradioli. Iliyobaki imeshageuzwa na utumbo na ini, sehemu kubwa kuwa estroni na estroni salfeti.

Kibandiko kinachobandikwa tumboni au kwenye paja, au jeli inayopakwa mkononi, hupita njia ya panya. Homoni hupenya ngozi, huingia moja kwa moja kwenye mishipa midogo ya damu, na hufika kwenye ubongo, mifupa na moyo kabla forodha haijapata habari. Ndiyo maana kibandiko kinachotoa mikrogramu 50 kwa siku hufanya kazi inayokaribiana na ya kidonge cha mikrogramu 1,000. Na ukipima damu utaona tofauti: kwa anayemeza kidonge, estroni inaweza kuwa mara tano ya estradioli, kwa anayetumia kibandiko, viwango hivyo viwili hukaribia kulingana, jambo ambalo linafanana zaidi na alivyokuwa kabla hedhi haijakoma.

Estroni salfeti yenyewe haifanyi kazi. Hata hivyo hukaa kwenye damu kwa saa nyingi, na tishu zenye kimeng'enya cha kuivua salfa, titi likiwemo, huweza kuirudisha kuwa estroni na hatimaye estradioli. Ni akiba. Anayemeza vidonge huibeba kwa wingi kuliko mwili wake ulivyowahi kubeba wakati wa ujana nje ya mimba.

Ila jambo linaloumiza watu zaidi si kile ini linachoifanyia homoni. Ni kile homoni inacholifanyia ini. Dozi nzima ikilifikia kwa mkupuo, ini huanza kutengeneza protini zake kwa wingi kuliko kawaida, na miongoni mwa hizo ni zile zinazogandisha damu. Mafuta aina ya trigliseridi hupanda. Protini zinazobeba homoni nyingine kwenye damu huongezeka, kiasi kwamba mwanamke anayemeza dawa ya tezi ya shingo kila siku anaweza kuhitaji dozi kubwa zaidi akianzishiwa estrojeni ya vidonge. Kibandiko kwa kawaida hakimletei shida hiyo.

Sasa turudi kwenye Julai 2002. Marekani ilikuwa ikiendesha utafiti mkubwa uitwao Women's Health Initiative. Sehemu yake moja iliwagawa kwa bahati nasibu wanawake 16,608 wenye mji wa mimba: nusu walipewa Premarin pamoja na dawa ya pili iitwayo medroksiprojesteroni, nusu walipewa kidonge kisicho na dawa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Magazeti ya dunia yakatangaza kwamba homoni zinaleta saratani, na wanawake kwa mamilioni wakatupa dawa zao.

Tuzitazame namba zenyewe, kwa sababu wakati ule wengi hawakuzisoma kwa utulivu. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, waliopata saratani ya matiti iliyopenya walikuwa 38 kwa waliotumia dawa na 30 kwa wasiotumia. Kiharusi kilikuwa 29 dhidi ya 21. Damu iliyoganda na kuziba mishipa ya mapafu, 16 dhidi ya 8. Waliovunjika nyonga walikuwa 10 dhidi ya 15, yaani dawa ililinda mifupa. Hatari ilikuwa ya kweli, na kwa mtu mmoja mmoja ilikuwa ndogo. Wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, wengi wakiwa wameshapita miaka zaidi ya kumi tangu hedhi kukoma, wakati dawa hii kwa kawaida hutafutwa na wanawake wa miaka 50 hivi wanaoungua na joto.

Silaumu utafiti. Ulikuwa utafiti mzuri uliojibu swali lake: je, dawa hizi mbili, kwa njia ya mdomo, kwa wanawake wa umri ule, vinazuia ugonjwa wa moyo? Jibu lilikuwa hapana. Kosa lilikuwa la waliolichukua jibu la kidonge kimoja na kulibandika kwenye kila dawa yenye neno homoni, hata krimu ya ukeni ambayo dozi yake ni ndogo mno na karibu haiingii kwenye damu. Onyo zito lililowekwa kwenye maboksi ya dawa hizi huko Marekani lilidumu zaidi ya miaka ishirini, hadi Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilipotangaza kuliondoa kwa sehemu kubwa.

Wafaransa walikuwa tayari wanafuata njia nyingine, kwa sababu madaktari wao walizoea jeli na vibandiko. Pierre-Yves Scarabin na wenzake, katika utafiti uitwao ESTHER, waliwalinganisha wanawake waliogandwa na damu kwenye mishipa na wale ambao hawakugandwa. Matokeo waliyotoa 2003, na kuyapanua 2007, yalikuwa wazi: waliomeza estrojeni walikuwa na uwezekano wa kugandwa na damu karibu mara nne, waliotumia ya ngozi hawakuwa na ongezeko lililoonekana. Uingereza nako, uchunguzi uliochapishwa 2019 uliopitia zaidi ya wanawake 80,000 waliopata ugonjwa huo ulifikia mwelekeo uleule, ingawa ongezeko kwa wanaomeza lilikuwa dogo kuliko la Ufaransa. Hizi si tafiti za kugawa watu kwa bahati nasibu, na mwenye shaka anaweza kusema waliopewa vibandiko walikuwa na tofauti nyingine. Lakini zinakubaliana, na zinakubaliana na tunachokijua kuhusu ini. Kwangu hiyo inatosha kusema: mwanamke mnene, mwenye shinikizo la damu, au ambaye ndugu zake wamewahi kugandwa na damu, asianze na kidonge bila daktari kumweleza kwa nini hakumpa kibandiko au jeli.

Habari ya matiti ni ngumu zaidi. Sehemu nyingine ya utafiti wa Marekani iliwapa Premarin peke yake wanawake 10,739 waliokwisha kuondolewa mji wa mimba. Ikasimamishwa 2004 kwa sababu ya kiharusi. Lakini saratani ya matiti, kinyume cha matarajio, ilikuwa chache kwa waliotumia dawa, na ufuatiliaji wa miaka mingi uliotangazwa 2020 ulithibitisha hivyo. Macho yakageukia dawa ya pili, medroksiprojesteroni.

Kwa nini kuna dawa ya pili? Estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Mwaka 1975 tafiti mbili za Marekani zilionyesha kwamba wanawake waliomeza estrojeni tupu walipata saratani ya mji wa mimba kwa wingi. Tangu hapo, kila mwenye mji wa mimba hupewa pia projesteroni, homoni nyingine ya kike, au dawa inayoiiga, ili ukuta ule usizidi. Medroksiprojesteroni ni mojawapo ya dawa zinazoiga. Wanawake wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri, ila kwa jina jingine: ndiyo iliyomo kwenye sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango. Nisieleweke vibaya. Kijana wa miaka 28 anayepanga uzazi si mama wa miaka 63 anayemeza kidonge cha kila siku pamoja na estrojeni ya farasi, na hesabu ya mmoja haimhusu mwingine.

Utafiti wa muda mrefu wa Ufaransa uitwao E3N, uliowafuatilia makumi ya maelfu ya wanawake, wengi wao walimu, ulitoa matokeo mwaka 2008. Waliochanganya estrojeni na projesteroni halisi hawakuonyesha ongezeko la saratani ya matiti. Waliochanganya na aina nyingi za projestini, yaani dawa za kuiga, walikuwa na ongezeko la karibu asilimia 69. Namba hiyo imetumiwa sana na wanaouza homoni kwa jina la asilia, wakisahau kuongeza kwamba uchambuzi mkubwa uliochapishwa nchini Uingereza 2019 ulikuta hatari ya matiti ikiongezeka kwa takriban aina zote za tiba hii kadiri miaka ya kuitumia inavyozidi, isipokuwa estrojeni ya ukeni. Projesteroni halisi inaonekana kuwa na nafuu. Haijapewa cheti cha kutokuwa na hatari.

Projesteroni hiyo hiyo ndiyo yenye metaboliti ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1941 Hans Selye, akifanya kazi Montreal, Kanada, aliwapa panya dozi kubwa za projesteroni, wakalala usingizi wa nusukaputi. Hakuna aliyejua sababu kwa miaka 45. Mwaka 1986 Maria Majewska na wenzake wakaonyesha kwamba metaboliti fulani za projesteroni hushika kwenye ubongo mahali palepale panapohusika na dawa za usingizi na za kutuliza, kwenye vipokezi vya kemikali iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kuzituliza seli za neva. Maarufu zaidi kati ya metaboliti hizo ni alopregnanoloni. Projesteroni mama haiwezi kazi hiyo. Lazima kwanza igeuzwe.

Na nani huigeuza kwa wingi? Utumbo na ini, kwenye forodha ileile. Ndiyo maana kapsuli ya projesteroni iliyosagwa laini sana, ambayo Ufaransa iliiingiza sokoni 1980, huamriwa imezwe wakati wa kulala. Inaleta usingizi, na kwa mwanamke aliyekaa miezi akihesabu saa za usiku huo si upungufu wa dawa, ni nusu ya tiba. Asiimeze asubuhi akaenda kuendesha gari. Akiiweka ukeni, sehemu ndogo zaidi hugeuzwa kuwa alopregnanoloni, mji wa mimba unalindwa, lakini usingizi haumjii vile. Medroksiprojesteroni na wenzake haziwezi kugeuzwa kuwa alopregnanoloni kabisa, hivyo aliyewahi kubadilishiwa dawa na kuona usingizi umekimbia hakuwa akijidanganya. Wachache huathiriwa kinyume: badala ya kutulia hupandwa na hasira na majonzi. Hao nao wasiambiwe wanaigiza. Ubongo wao unaipokea metaboliti hiyo kwa namna nyingine, na dawa ibadilishwe.

Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha alopregnanoloni yenyewe kuwa dawa ya sonona ya baada ya kujifungua, ikitolewa kwa dripu ya saa 60. Kitu kilichowahi kuhesabiwa kuwa makapi ya projesteroni kikawekwa kwenye chupa na kupewa jina la biashara.

Kabla sijaiacha projesteroni: baadhi ya kapsuli za projesteroni zina mafuta ya karanga ndani. Mwenye mzio wa karanga amwambie mfamasia kabla hajanunua.

Kuna dawa moja inayoonyesha jambo hili lote peke yake, nayo ni tiboloni. Ikiwa kama ilivyo, karibu haina kazi. Ikimezwa hugeuzwa haraka kuwa metaboliti tatu. Mbili zina tabia ya estrojeni, hutuliza joto na kulinda mifupa. Ya tatu ina tabia ya projesteroni na ya homoni za kiume, na huzaliwa pia ndani ya mji wa mimba wenyewe, ikiulinda ukuta wake bila kuhitaji dawa ya pili. Waliobuni dawa hii walitegemea kila kiungo kijitengenezee kinachokifaa. Wazo zuri, lakini mwili haukusoma maelezo yote. Utafiti uliotangazwa 2008, kwa wanawake wa miaka 60 hadi 85 wenye mifupa dhaifu, ulikuta kuvunjika mifupa kumepungua, hata saratani ya matiti imepungua. Kiharusi kikawa kimeongezeka karibu mara mbili, na utafiti ukasimamishwa. Mwaka uliofuata utafiti mwingine, kwa wanawake waliowahi kutibiwa saratani ya matiti, ulikuta ugonjwa unarudi zaidi kwa waliomeza tiboloni. Marekani haikuwahi kuiruhusu. Nchi nyingine hutumia, kwa wanawake waliochaguliwa kwa uangalifu.

Metaboliti za estrojeni zenyewe zimezaa biashara. Ini na tishu nyingine huibandika estrojeni oksijeni na hidrojeni mahali tofauti, na wataalamu huzitaja metaboliti hizo kwa namba za mahali hapo: ya 2, ya 4, ya 16. Ile ya 4 inaweza kugeuka zaidi na kuharibu chembe za urithi, angalau maabara. Miaka ya 1980 watafiti wa New York walipendekeza kwamba mwanamke mwenye nyingi za namba 2 na chache za namba 16 yuko salama dhidi ya saratani ya matiti. Lilikuwa wazo la kuvutia na lilistahili kupimwa. Likapimwa, kwa kuwafuatilia wanawake miaka mingi, na uwiano huo haukuweza kutabiri kwa uhakika nani angeugua.

Vipimo vya mkojo vya kutafuta uwiano huo bado vinauzwa, vikifuatana na vidonge vya kuurekebisha. Vingi vya vidonge hivyo vina kemikali itokanayo na mboga za jamii ya kabichi. Ni kweli kwamba mboga hizo husukuma estrojeni kuelekea namba 2, na sukuma wiki ni ya jamii hiyo. Kula sukuma wiki, ni chakula kizuri kwa sababu nyingine kumi. Lakini kumbuka kwamba uvutaji wa sigara nao husukuma estrojeni kuelekea namba 2, jambo lililoonyeshwa tangu 1986. Wavutaji hukoma hedhi mapema kuliko wenzao kwa mwaka mmoja au miwili na mifupa yao hudhoofika zaidi. Kama namba 2 ingekuwa salama ya kweli, tungekuwa tunawashauri mama zetu wavute. Pesa ya kipimo hicho iache mfukoni. Dozi ya tiba hii hupangwa kwa kuangalia joto limepoa au halijapoa, na madhara yapo au hayapo.

Vivyo hivyo krimu za viazi vikuu. Ni kweli kwamba mwanakemia Russell Marker alitengeneza projesteroni kutokana na kiazi kikuu cha porini cha Mexico katika miaka ya 1940, na kazi yake ikaishusha bei ya homoni duniani. Aliifanya kwa kemikali, ndani ya maabara. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kufanya kazi hiyo, hivyo anayejipaka krimu ya kiazi anajipaka kiazi. Hata krimu yenye projesteroni ya kweli haipeleki kiasi cha kutosha kuulinda mji wa mimba kwa mtu anayetumia estrojeni. Njia ya panya inaifaa estradioli. Projesteroni inahitaji kumezwa au kuwekwa ukeni.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa mstari mmoja. Rifampisini, inayomezwa na wagonjwa wengi wa kifua kikuu kwa miezi sita kwa kawaida, huliamsha ini livunje homoni kwa kasi kubwa. Fenitoini na kabamazepini za kifafa hufanya vivyo hivyo, na efavirenzi, ambayo wengi waliitumia dhidi ya virusi vya UKIMWI kabla ya kuhamishiwa dolutegraviri, nayo imo kwenye kundi hilo. Mama anayetumia tiba ya homoni, akaanzishiwa dawa za kifua kikuu kliniki nyingine, joto lake likarudi, anaweza kudhani homoni zimemshinda. Zimevunjwa tu kabla ya kufanya kazi. Kliniki hizo mbili zijuane, na mara nyingi anayeweza kuzijulisha ni mgonjwa mwenyewe kwa kubeba maboksi ya dawa zake zote.

Swali la kama homoni ni nzuri au ni mbaya halina jibu, kwa sababu si swali moja. Mwenye miaka 51 aliyekoma hedhi mwaka jana, hana saratani ya matiti wala historia ya damu kuganda, anayeungua na joto usiku kucha, ana sababu nzuri ya kuitafuta tiba hii, na estradioli ya ngozi pamoja na projesteroni halisi ya usiku ndiyo ningeiulizia kwanza. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, au mwenye ugonjwa wa ini azungumze na daktari bingwa kabla ya kugusa chochote. Na aliyeondolewa mji wa mimba hahitaji dawa ya pili; akiandikiwa, aulize kwa nini.

Uwe unatumia homoni au hutumii: ukishamaliza mwaka mzima bila hedhi kisha ukaona damu, hata tone, usiseme hedhi imerudi wala usisubiri ikome yenyewe. Wiki hiyo hiyo nenda hospitali ukachunguzwe ukuta wa mji wa mimba.